Ripoti ya Saa Moja

Kila asubuhi, saa moja kamili, Brashi alimkabidhi mkewe wodi isiyokuwapo, na ole wake achelewe hata dakika tano.

Alisimama kando ya meza ya chakula, mikono nyuma, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Mkewe alikaa kitini, miwani puani, daftari kubwa la jalada gumu mbele yake. Mama huyu alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na minne, na kumi na miwili ya mwisho aliisimamia wodi ya wanaume kwa mkono wa chuma. Mtaa mzima ulimwita Sista. Mumewe naye alimwita Sista, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea, na siku hizi kwa sababu hakuna jina jingine aliloliitikia.

"Haya, anza," Sista alisema.

Naye akaanza. Kitanda cha kwanza, mama wa miaka sabini na mmoja, amelala vizuri, ameamka mara mbili kutafuta mlango, amekunywa maji nusu glasi. Kitanda cha pili, fundi wa mapaa aliyeanguka kwenye ngazi, maumivu yamepungua, matusi bado. Kitanda cha tatu, mzee wa kikohozi, amekataa dawa mpaka abembelezwe. Fundi wa mapaa na mzee wa kikohozi Brashi aliwatunga mwenyewe, na kadiri miezi ilivyokwenda aliwapenda kama jamaa zake. Yule wa kitanda cha kwanza hakumtunga. Alikuwa Sista mwenyewe, na hiyo ndiyo njia pekee iliyokuwa imebaki ya kuzungumza na mkewe habari za mkewe.

Nani angeamini? Mtu ameoa, amezaa, amezeeka na mke wake chini ya paa moja miaka arobaini na mitatu, halafu uzeeni anageuzwa nesi wa zamu ya usiku. Kuishi kwingi ni kuona mengi, tunaambiwa. Hatuambiwi kwamba mengine ni heri mtu asiyaone.

Ugonjwa wenyewe haukuingia kwa kishindo. Ulianza na funguo, ukaja kwenye sufuria zilizoungua, ukapanda kwenye majina. Jina la binti yao wa pekee lilitangulia kupotea, la Brashi likafuata. Halafu zikaja asubuhi za vita. Alfajiri Sista alikuwa ameshavaa, mkoba begani, anausukuma mlango aende kazini, na Brashi amesimama katikati kama golikipa. Alipigwa makofi, akaumwa mkono, akaitwa mwizi. Alijikaza kisabuni miezi mitatu. Mwezi wa nne akaenda kumwona Nesi Mfupi, mstaafu aliyefanya kazi na Sista tangu ujana wao, akamwomba aje ajionee mwenyewe.

Nesi Mfupi alikuja alfajiri moja, akaangalia ile vurugu dakika mbili tu, akamvuta Brashi pembeni.

"Shemeji, huyu hapigani na wewe," alisema. "Huyu anangoja ripoti. Nesi haanzi kazi kabla hajapokea zamu, na hamna hata mmoja humu ndani anayemkabidhi."

Akamfundisha mchana kutwa, siku mbili. Namba ya kitanda kwanza, umri, tatizo, kilichofanyika, kilichobaki. Usisome haraka kama mtangazaji wa mpira. Usiseme "nadhani". Brashi aliyekuwa ameshika brashi ya rangi maisha yake yote akakariri kama mtoto wa shule, na bado siku ya kwanza aliboronga. Alisema wagonjwa wote hawajambo. Sista akavua miwani, akamwangalia kwa huruma.

"Kama wote hawajambo," akauliza, "wodini wanafanya nini?"

Nesi Mfupi alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akatoka nje, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Lakini dawa ilikuwa imepatikana. Tangu siku ile mlango haukusukumwa tena. Kidonge cheupe Sista alikimeza bila ubishi, kwa kuwa daktari ameagiza kila nesi anayeingia zamu akimeze. Kuoga kukawa ukaguzi wa usafi. Mkate na chai vikawa chai ya wauguzi, ambayo hailiwi mbele ya wagonjwa. Saa moja jioni Sista alikuwa amechoka na mawazo yamemchafukia, kwa hiyo ripoti ya jioni haikuwapo kabisa. Alimwachia tu daftari, akaenda kulala, kwake yeye akiwa amekwenda nyumbani.

Tatizo lilikuwa la Brashi. Kila asubuhi ripoti ilipokwisha, Sista alifunga daftari na kumwambia aende akapumzike.

"Wewe wa usiku, una mke?"

"Ninaye, Sista."

"Msalimie."

Basi alitoka kwa mlango wa mbele, akaizunguka nyumba yake mwenyewe, akaingia kwa mlango wa jikoni na kuwa mfagiaji wa wodi. Salamu zile alizibeba kila siku na hakuwa na pa kuzipeleka. Alikuwa mjane ambaye mkewe yuko hai, anaishi naye nyumba moja, anamwonea huruma kwa kazi ya usiku. Alitaka kitu kimoja tu katika dunia hii, mkewe amtambue. Hata mara moja. Hata kwa kumtukana, mradi tusi liwe lake.

Jumanne jioni binti yao alipiga simu. Alikuwa anafanya kazi mbali, mahali ambapo mtu hawezi kwenda na kurudi siku moja, na kila jioni alipotoka kazini aliuliza habari zilezile. Siku hiyo aliuliza na lingine: je, mama bado hamtambui baba? Brashi akasema bado. Binti akasema alichokuwa amekitunza muda mrefu. Karibu na kwake kuna nyumba ya kulelea wazee, ina wauguzi wa kweli, nafasi imepatikana. Jumamosi anakuja kumchukua mama.

"Baba, wewe unachakaa," alisema huku analia. "Na yeye hakujui. Kwake wewe na mhudumu yeyote ni mamoja."

Hakuwa mtoto mbaya, tusimwonee. Ila mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Brashi hakugomba. Aliuliza swali moja.

"Na akinijua?"

"Akikujua, baba, simgusi."

Usiku ule hakupata usingizi. Hakuogopa kuchakaa. Neno lililomchoma lilikuwa lile la binti yake, mamoja. Alikuwa na siku tatu.

Sasa, mtu akibanwa hukimbilia fani yake. Brashi alikuwa mchora mabango. Kabla mashine za kuchapa hazijaingia, nusu ya maduka ya mtaa ule yalijulikana kwa mkono wake, kuanzia bucha mpaka saluni, na hata zahanati ilikuwa na mshale wake unaoelekeza mahali pa sindano. Imani yake ilikuwa moja: watu hawapotei, ila hawakuandikiwa. Ndani ya nyumba alikuwa ameshachora CHOO, JIKO, MAJI YA MOTO USIGUSE, na Sista aliyasoma yote na kuyatii. Mwanamke huyu alisahau mume na mtoto, lakini maandishi hakuyasahau.

Wewe na mimi tunaona wazi anakoelekea. Yeye hakuona.

Jumatano mchana, Sista akiwa amelala, Brashi alichukua kipande cha ubao mwembamba, akakipiga msasa, akakipaka rangi nyeupe. Kilipokauka akachora kwa herufi nyeusi za kusimama, zenye kivuli chembamba chekundu, zile alizokuwa akiwachorea wateja wakubwa: MUME WAKO. M ya kwanza haikumridhisha, ikabidi aifute na kuirudia. Akatoboa matundu mawili, akapitisha kamba. Alifurahi, maskini. Alikaa akikitazama kile kibao, akapiga mluzi kidogo.

Alhamisi, saa moja kamili, alisimama mahali pake kando ya meza, kibao kifuani.

Sista akainua macho kutoka kwenye daftari. Akasoma kwa sauti, polepole, kama alivyosoma kila kitu. Sista akainuka, akazunguka meza, akamsogelea, akashika ncha ya kibao kwa vidole viwili. Kwa muda mfupi uso wake ukawa uso wa zamani, uso wa mtu anayeamua jambo.

"Nani amekuvalisha hiki, baba?" akauliza kwa upole.

"Nimechora mwenyewe. Ni mimi. Brashi. Mimi ndiye mume wako."

"Ndiyo, ndiyo," Sista akasema.

Akamshika mkono chini ya kiwiko, mshiko wa mtu aliyewashika wazee elfu moja bila kumwangusha hata mmoja. Hakukasirika. Laiti angekasirika. Akamwongoza hatua kwa hatua mpaka mlango wa mbele, akimweleza njiani kwamba hapa ni wodini, watu wamelala, na kwamba mtu akichanganyikiwa si aibu, inatokea. Mkewe lazima anamtafuta huko nje. Wakati wa kuwaona wagonjwa ni saa kumi.

"Kaa hapo kwenye ngazi, usiende barabarani," akasema, na mlango ukafungwa. Brashi akasikia komeo likisukumwa.

Alizunguka nyumba mbio kwa miguu yake ya miaka sabini na minne, lakini Sista naye alikuwa amefanya kazi yake. Mgonjwa anayetangatanga akionekana wodini, milango yote inafungwa. Komeo la jikoni lilikuwa limeshaingia. Brashi akarudi mbele, akachungulia dirishani. Sista alikuwa anatandika upya kitanda ambacho kilikuwa kimeshatandikwa.

Kwa usalama hakuwa na hofu kubwa. Mtungi wa gesi aliutoa nje zamani, akawa anaurudisha wakati wa kupika tu. Mkate ulikuwa mezani, chai kwenye chupa. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alimwona amekaa kwenye ngazi, akavuka na nyundo yake mkononi, akauliza kwa utani leo anauza nini. Kisha akasoma kile kibao. Utani ukamkauka mdomoni. Akasema anaweza kuvunja kitasa cha jikoni kwa dakika moja, hana haja hata ya kuvuta pumzi.

Brashi akakataa. Alisema Sista yuko peke yake humo ndani, na mtu akivunja mlango ataogopa. Fundi viatu akabaki amesimama, hajui aweke wapi ile nyundo. Mwishowe akamletea kigoda, akarudi kwenye kazi yake. Hakumwangalia tena mchana kutwa, na hiyo ilikuwa heshima.

Basi akakaa. Watu walipita na mizigo yao, wengine wakamsalimia, wengine wakasoma kwanza ndipo wakasalimia. Alikuwa amechora mabango maisha yake yote na hakuwahi kujua bango linajisikiaje. Jua likahama kutoka ngazi ya juu hadi ya chini. Kila baada ya muda pazia la dirishani lilisogea kidogo, likarudi. Hakula. Njaa hakuisikia, alichosikia ni upweke, na upweke ule haukuwa wa kukosa watu. Mtaa ulikuwa umejaa watu. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na ushahidi kwamba Brashi amewahi kuwa kijana, na amewahi kupendwa, na mtu huyo alikuwa upande wa pili wa komeo.

Saa kumi ilipofika alisimama, akajikung'uta vumbi, akabisha hodi. Wakati wa kuwaona wagonjwa ni haki ya kila mtu. Dirisha dogo la pembeni likafunguliwa.

"Unamwona nani?" Sista akauliza.

"Mke wangu."

"Jina?"

Akalitaja lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, kama lilivyoandikwa kwenye cheti cha ndoa. Sista akapitisha kidole kwenye daftari, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila haraka. Alitafuta kwa uaminifu. Ndipo akatikisa kichwa.

"Huyo hatuna," akasema. "Pole, baba. Jaribu tena kesho, wanaingia wapya kila siku."

Dirisha likafungwa. Brashi akarudi kwenye kigoda, akalia. Hakujificha. Alilia mbele ya barabara nzima, mtu mzima na kibao kifuani, mpaka alipokwisha.

Hapo ndipo alipokubali kwamba binti yake amesema kweli. Jumamosi akija, atamkuta amefungasha nguo za mama yake, na hatabisha.

Lakini bado palikuwa na jioni ya kuvuka, na Sista hakuwa amekula kitu cha moto. Saa moja ilipokaribia, Brashi alivua kibao, akakiegemeza ukutani huku maandishi yakitazama ukuta. Akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Akajifuta uso kwa leso. Akabisha hodi mara mbili, kama mtu aliyetoka kwake kuja kazini.

Komeo likatoka mara moja.

"Wewe wa usiku, afadhali umekuja," Sista akasema. "Leo ripoti ni ndefu. Kaa."

Akashangaa, kwa kuwa ripoti ya jioni hajawahi kupewa. Akakaa. Sista alikuwa amechoka, nywele zimemtoka kwenye kitambaa, lakini macho yalikuwa makali. Akafungua daftari. Kitanda cha pili, fundi wa mapaa, amekula, matusi yamepungua. Kitanda cha tatu, kikohozi kimelegea. Brashi akainamisha kichwa. Alikuwa anawasikia watu aliowatunga wakirudi kwake wakiwa wamepona kidogo. Kisha Sista akasogeza kiti, akateremsha sauti, kama wauguzi wanavyofanya mgonjwa anapoweza kusikia.

"Kuna mmoja hana kitanda. Yuko nje, kwenye ngazi. Mzee, miaka sabini na kitu. Hana homa, hana kidonda, anatembea mwenyewe. Amekaa pale tangu asubuhi, hajala. Nimemchungulia kila baada ya nusu saa."

"Tatizo lake nini, Sista?"

"Anamngoja mkewe."

Brashi akaitoa leso yake.

"Saa kumi aliuliza, sikumpata kwenye daftari," Sista akaendelea. "Nimelitafuta jina hilo tangu wakati huo. Nimefungua mpaka kabati. Mwanamke gani anamwacha mtu hivyo? Mtu mpole. Amelia pale nje peke yake, nami nina wodi nzima, siwezi kutoka." Akakunja mikono juu ya daftari. "Sasa sikiliza, haya ni maagizo. Apewe kitu cha moto. Asilale nje. Usimwambie kwamba mkewe haji, mwambie yuko njiani. Na asiachwe peke yake. Huyo hana ugonjwa mwingine, akiachwa peke yake ndipo ataugua. Umepokea?"

"Nimepokea, Sista."

"Rudia."

Akarudia yote, neno kwa neno, na lile la mwisho akalirudia mara mbili. Sista akaridhika. Akamsogezea daftari, akachukua mkoba wake, akaufuata ukumbi mpaka chumba cha kulala. Baada ya muda Brashi akampelekea supu na mkate, akamwambia ni ya wauguzi, naye akala yote, akalala.

Simu ikalia. Binti alikuwa ameshakata tiketi, alitaka kujua afike saa ngapi Jumamosi. Halafu, kwa sauti ndogo, akauliza kama mama amemjua.

"Hapana," Brashi akasema. "Hakunijua. Ila ameacha maagizo nisiachwe peke yangu."

Binti hakuelewa, akamwomba baba yake aseme tena. Baba hakusema tena. Alimwambia aje, karibu sana, nyumba ni yake, lakini mama yake haendi popote. Kisha akaaga, akapasha supu iliyobaki, akaimimina kwenye bakuli, akakaa mezani na kuila ikiwa ya moto, kama ilivyoagizwa.